Kuamini bila kufumba macho: jibu kwa mwalimu wa Nakuru

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, mama wa watoto wawili. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulilala wiki kadhaa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho, na mpaka leo nikisikia filimbi usiku mwili unanisisimka. Sasa tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Kundi la WhatsApp la familia limejaa sauti na video za kutisha, kila mtu anaapa kuwa yake ndiyo ya kweli. Kaka yangu anasema hatapiga kura kwa sababu matokeo hupikwa Nairobi. Wanafunzi wangu wananiuliza kama vita vitarudi. Nimwamini nani? Na je, kuwaambia watoto wawe na matumaini si kuwadanganya?"

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kwa sababu maswali unayouliza nimeyasikia katika mabaraza mengi lakini mara chache nimeyasikia yakiwekwa wazi hivi. Nimefanya kazi ya elimu ya uraia tangu 2002, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefundisha mawakala wa vyama na waangalizi wa uchaguzi huku Pwani. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe na yale yaliyomo kwenye kumbukumbu za umma.

Nianze na hofu yako. Usiionee aibu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe uliumwa ukiwa mtoto. Baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Anayekuambia "sahau yaliyopita" hakulala kwenye hema.

Sasa hilo la nimwamini nani. Katika lugha yetu neno kuamini lina ndugu wawili. Kuna imani, na kuna amana. Imani ni ya moyo na Mungu wake, haidai risiti. Amana ni kitu unachomwekea mtu, na siku yoyote una haki ya kubisha hodi na kusema: nionyeshe kilipo. Anayekasirika kwa kuulizwa habari za amana amekwisha kukujibu. Tatizo letu Wakenya, na nasema letu kwa sababu nami nilikuwemo, ni kwamba kwa miaka mingi tuliwapa wanasiasa imani mahali palipotakiwa amana, na walipotuvunja moyo tukageuka tukasema hatuamini chochote tena. Kaka yako amefika hapo pa pili. Simlaumu. Lakini ukifuata habari ya kura yenyewe, tangu inapotumbukizwa sandukuni mpaka inapotangazwa, utaona jambo ambalo kwenye kundi la familia halisemwi.

Waulize wazee wako kuhusu mlolongo. Mwaka 1988, enzi za chama kimoja, uteuzi wa KANU ulifanywa kwa watu kupanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake, mchana kweupe. Hakuna uwazi uliozidi huo, ungedhani. Kila mtu aliona foleni ipi ndefu na ipi fupi. Kisha jioni ikatangazwa kuwa wa foleni fupi ameshinda. Watu wakaguna, foleni ikatawanyika, na ilipotawanyika ushahidi wote ukaenda nayo majumbani. Hapakuwa na karatasi hata moja ya kurudia kuhesabu. Mlolongo ulinifundisha kwamba kuona peke yake hakutoshi. Macho ya watu elfu moja hayana nguvu kama hayakuacha alama inayobaki baada ya watu kuondoka.

Vyama vingi viliporudi, masanduku ya 1992 na 1997 yalikuwa yakifungwa kituoni na kusafirishwa hadi ukumbi wa kuhesabia wa eneo bunge. Safari ile ya usiku ndiyo iliyozaa hadithi zote za masanduku yaliyobadilishwa njiani. Watu wakalalamika, wakaandamana, wakapigwa virungu, wakaendelea kulalamika. Kufikia 2002 kura zikahesabiwa palepale kituoni, mbele ya mawakala. Kaa na jambo hilo kidogo, Mwalimu. Kilichobadilika kati ya 1997 na 2002 hakikuletwa na viongozi waliopata huruma. Kililetwa na watu wasioamini, waliokataa sanduku litembee gizani bila wao.

Mwaka 2007 kura zilihesabiwa vituoni, lakini hesabu zilivurugika baada ya kutoka hapo, kwenye kujumlisha na kwenye kutuma. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alisema mwenyewe siku chache baadaye kwamba hajui kama Kibaki, aliyemtangaza mshindi, alishinda kweli. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza uchaguzi ule ilifikia uamuzi kwamba haiwezekani kujua nani aliyeshinda. Ujumlishaji ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hata mtu mwema mwenye muda wa kutosha asingeweza kurudi nyuma akapata ukweli. Ndiyo maana nikikumbuka hema ulilolala sifikirii panga peke yake. Nafikiria pia karatasi ambazo hazikutunzwa.

Mwaka 2013 tukaletewa mitambo. Mfumo wa kutuma matokeo ukaanguka, na kabla haujaanguka ulikuwa ukionyesha kura zilizoharibika kwa mamia ya maelfu, kumbe programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Mwaka 2017 tarakimu zilimiminika kwenye skrini za televisheni bila fomu za kuzithibitisha. Lakini kabla ya uchaguzi ule kulikuwa na kesi ambayo ningependa kila mwanafunzi wako aijue. Watu watatu, Maina Kiai, Khelef Khalifa wa huku kwetu Mombasa na Tirop Kitur, walienda kortini kudai kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa na msimamizi wa eneo bunge yawe ya mwisho, na kwamba hakuna mtu Nairobi awe na mamlaka ya kuyagusa. Wakashinda Mahakama Kuu, tume ikakata rufaa, na mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki tena. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na hoja moja, na shaka ileile aliyo nayo kaka yako.

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais. Majaji wanne walikubaliana, wawili walipinga. Sababu kubwa ilikuwa kwamba matokeo hayakutumwa wala kutangazwa kwa njia inayoweza kuthibitishwa, na tume haikufungua seva zake kama ilivyoagizwa. Sitakuficha kwamba uchaguzi wa marudio wa 26 Oktoba ulisusiwa na marehemu Raila Odinga na wafuasi wengi wa upinzani, wala kwamba Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Barabara hii ina makaburi pembeni.

Kisha 2022. Tume iliweka kwenye tovuti picha za fomu 34A, karatasi ya matokeo ya rais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, wazi kwa mtu yeyote mwenye simu na bando.

Nikuonyeshe fomu hiyo inavyozaliwa, kwa sababu wengi wanaoibishania hawajawahi kuiona. Usiku wa 9 Agosti 2022 nilikuwa mwangalizi katika shule moja ya msingi Kaunti ya Kilifi, ndani ya darasa la pili. Ukutani kulikuwa na chati ya herufi, na madawati madogo yalikuwa yamesukumwa nyuma. Umeme ulikuwa ukiwaka na kuzimika, kwa hiyo karani mmoja aliweka taa ya sola juu ya kabati. Kura ya rais ndiyo huhesabiwa kwanza. Afisa msimamizi wa kituo alikuwa binti wa miaka kama ishirini na sita. Aliinua karatasi moja, akataja jina la mgombea kwa sauti, kisha akaigeuza polepole kuwapitisha mawakala wote mbele ya macho, kama mwalimu anavyozungusha picha darasani. Akaiweka kwenye fungu lake. Akainua nyingine.

Kuna karatasi moja ilikuwa na alama iliyokaa kati ya visanduku viwili. Mzee mmoja, wakala, akasema, "Binti, rudisha hiyo." Ikarudishwa. Wakabishana dakika kumi na tano. Wakala wa upande wa pili, kijana wa bodaboda, alikuwa na haja ya kuikubali kwa kuwa ilielekea kwake, lakini alipoinamisha taa akaitazama karibu akasema mwenyewe, "Hii haisemi kitu." Ikawekwa na zilizokataliwa. Ilipofika saa nane kasorobo usiku fomu ilijazwa, tarakimu na maneno, kila wakala akasaini, akapewa nakala yake. Fomu ikapigwa picha kwa kifaa cha tume na kutumwa. Nakala moja ikabandikwa mlangoni. Mzee na yule kijana waligawana pakiti moja ya biskuti kwenye baraza wakisubiri kura ya gavana. Asubuhi nilimkuta mama mmoja amesimama mlangoni pale, amebeba mtoto mgongoni, akiipiga picha ile karatasi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nilimuuliza ni wakala wa nani. Akasema, "Wa mimi mwenyewe."

Siku mbili baadaye nilifungua tovuti nikatafuta kituo kile. Fomu ilikuwa ileile, na saini ya yule mzee ikiwa imepinda kuelekea kulia vilevile kama nilivyomwona akiisaini.

Sasa ulinganishe na mlolongo. Foleni ya 1988 ilionekana na wote ikapotea jioni ileile. Karatasi ya 2022 ilionekana na watu wachache darasani, lakini ikabaki mlangoni, ikabaki mifukoni mwa mawakala, ikabaki mtandaoni, na ikabaki kwenye simu ya mama wa Kilifi. Kesi ya 2022 ilipofika Mahakama ya Juu, nakala zilitolewa zikalinganishwa, na majaji wote saba walisema hawakuona tofauti kubwa kati ya zilizopandishwa kwenye tovuti na zile zilizofikishwa Bomas, ukumbi wa Nairobi kulikojumlishwa kura za nchi nzima. Kaka yako anaweza kuupenda au kuuchukia uamuzi ule wa 5 Septemba. Lakini ni uamuzi uliojadiliwa juu ya karatasi zilizokuwepo. Mwaka 2008 hatukuwa hata na kitu cha kujadili.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe kutoka kwenye jibu hili: kila mstari ulio kwenye fomu 34A uliletwa na mtu aliyeshuku. Mahali pa saini za mawakala, nakala ya mlangoni, idadi ya waliojiandikisha, picha ya tovuti. Kila kimoja kilidaiwa na Mkenya aliyekataa kuambiwa "tuamini tu". Shaka ya kaka yako si adui wa matumaini. Ni malighafi yake. Inaharibika pale anapoikalia nyumbani.

Nije kwenye kundi la WhatsApp, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Habari ya kisiasa ikiingia, kabla ya kujiuliza ni kweli au uongo, jiulize: hii inakagulika? Sauti ya mtu asiyejitaja anayesema "kuna kitu kimepangwa, ninyi mtaona" haina kituo, haina saa, haina jina la mahali. Haiwezi kukaguliwa hata ungekuwa na mwezi mzima, kwa hiyo haistahili hata dakika ya hofu yako. Lakini mtu akituma picha ya fomu, hapo kuna kazi ya kufanya, na wewe mwalimu wa shule ya msingi una vifaa vyote. Soma jina la kituo. Tazama idadi ya wapiga kura waliojiandikisha: kwa utaratibu wa 2022 kituo kimoja hakikuzidi 700, shule yenye watu wengi iligawanywa vituo kadhaa. Ukiona fomu ya mwaka ule ya kituo kimoja yenye kura 900, imetengenezwa na mtu asiyejua hilo. Jumlisha kura za wagombea uone kama zinafika kwenye jumla iliyoandikwa. Kisha nenda kwenye tovuti ya tume, toa fomu ya kituo hichohicho, uziweke pamoja.

Nikupe mfano wa hesabu iliyokaribia kututia moto. Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa tume alitangaza kuwa William Ruto amepata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Makamishna wanne walijitenga na matokeo hayo, na kesho yake wakasema asilimia za wagombea wote zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ya ziada ni kura kama 142,000. Nchi nzima ilishika pumzi. Watu niliowaheshimu walinipigia simu wakilia. Nilichukua kalamu. Kura halali zilikuwa zaidi kidogo ya milioni 14.2. Asilimia moja yake ni kama 142,000. Asilimia 0.01 ni sehemu ya mia ya hiyo, yaani kura kama 1,420. Na hata hizo 1,420 hazikuwepo: kila mgombea alikuwa na asilimia ndefu yenye tarakimu nyingi baada ya nukta, zikakadiriwa kuwa tarakimu mbili, 50.49 na 48.85 na 0.44 na 0.23. Ukikadiria kila moja peke yake, jumla inaweza kuzidi mia kidogo. Mwanafunzi wako anaweza kulithibitisha hilo ubaoni kabla kengele ya mapumziko haijalia. Sisemi makamishna wale hawakuwa na malalamiko mengine juu ya namna tume ilivyoendeshwa. Nasema hoja iliyotutetemesha ilikuwa hesabu ya desimali, na ni wachache walioshika kalamu usiku ule.

Jambo jingine kuhusu 2022. Fomu zilipowekwa wazi, vituo vya televisheni vilianza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kikichukua fomu kwa mpangilio wake na kasi yake. Matokeo yake, saa ileile skrini tatu zilikuwa na viongozi wawili tofauti. Watu wakasema, "Mmeona? Wanapika." Hakuna aliyepika. Ukianza kuhesabu magunia kutoka mlango wa kulia na mimi kutoka mlango wa kushoto, katikati ya kazi tutakuwa na hesabu mbili. Kisha vyombo vile vikanyamaza bila maelezo ya kutosha, na ukimya ule ukawaumiza watu kuliko tofauti yenyewe. Kwa hiyo jifunze siku zako mapema na uwafundishe nyumbani: katiba inaipa tume siku saba kutangaza matokeo ya rais, inampa mlalamishi siku saba kwenda Mahakama ya Juu, na inawapa majaji siku kumi na nne kuamua. Wiki ya kwanza ndiyo ya tetesi. Ukijua kuwa siku ya nne bila tangazo ni siku ya kawaida kisheria, hutashtuka mtu akikuambia "wanachelewesha ili waibe". Huenda wanachelewesha kwa nia mbaya, huenda la. Lakini kuchelewa huko peke yake si ushahidi.

Sasa niseme pale ambapo karatasi haifiki. Fomu haizuii risasi. Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya kazi ya maarifa ambayo sisi wa elimu ya uraia tulikuwa tukiiota kwa miaka ishirini: walichukua Mswada wa Fedha, lugha nzito ya kisheria, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza video za kueleza ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Baadhi ya vipengele viliondolewa kabla hawajafika barabarani kwa wingi. Tarehe 25 wakaingia bungeni, tarehe 26 rais akasema hatausaini mswada. Na makumi yao waliuawa, na wengine wakachukuliwa usiku na watu wasiovaa sare. Sina maneno ya kulainisha hilo, na mtu akikuambia kwamba matumaini ni kuamini haki itatendeka yenyewe, usimkubali. Wazazi wa vijana wale hawajapewa jibu linalolingana na walichopoteza. Ninapozungumzia matumaini nazungumza nikiwa na nyuso zile mbele yangu.

Wanafunzi wako wanauliza kama vita vitarudi. Usiwaahidi kuwa havitarudi, kwa sababu huna uwezo wa kutimiza ahadi hiyo na watoto hutambua upesi. Nakumbuka matumaini ya Desemba 2002, Kibaki alipoapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tulikuwa tukilia kwa furaha. Wiki zile abiria wa matatu walikuwa wakiwazomea trafiki waliopokea rushwa mpaka wakazirudisha. Matumaini yale yalikuwa ya kweli, lakini yalikaa juu ya watu, na watu wale walipoanza kutuangusha tukaanguka nao. Mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila kutaka kusikia siasa. Kilichonirudishia matumaini kilikuwa kidogo mno kuliko urais. Ilikuwa tangi la maji.

Hilo lilikuja baadaye sana, baada ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kijijini kwetu mradi wa maji ulikuwa umezinduliwa kwa shangwe, tangi moja limesimama, na minong'ono kuwa yalikuwa yawe mawili. Kila mtu alikuwa na jina la mwizi wake. Niliandika barua kwa ofisi husika kuomba nakala ya mkataba. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, haikudai sababu ya kuuliza, na huwezi kutozwa pesa kwa kuomba, labda gharama ya kutoa nakala. Nikahakikisha nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21 za kujibu. Siku 21 zikapita kimya. Nikalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na baada ya muda nikaitwa kuchukua kurasa mbili. Matangi yalikuwa mawili.

Niliisoma karatasi ile kwenye baraza la chifu. Minong'ono ya majina ilikoma siku ileile, kwa sababu sasa kulikuwa na kampuni, tarehe na kiasi cha kuulizia. Tangi la pili halijafika hadi leo, nalisema kwa uchungu. Lakini mradi uliofuata, choo cha shule, bango lenye kiasi cha pesa na jina la mkandarasi lilisimama kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na wazee wawili walikuwa wakienda kila Ijumaa kuhesabu mifuko ya saruji.

Kwa hiyo ukitaka kuwafundisha watoto matumaini, wape kitu cha kuhesabu. Wapige kura ya kiranja darasani kwa karatasi na boksi la viatu. Weka mawakala wa kila mgombea, hata wa yule asiyependwa. Mtoto mmoja ainue karatasi na kuzungusha, mwingine aandike ubaoni, na karatasi ya matokeo ibandikwe mlangoni na ikae muhula mzima. Makosa yatatokea, acha yatokee, kisha warudie kuhesabu pamoja. Mtoto aliyeshindwa na akaona kwa macho yake kwamba alishindwa hana sababu ya kumchukia jirani yake wa dawati. Wewe uliyelala kwenye lile hema unajua hilo lina thamani gani.

Kuhusu kundi la familia, usijaribu kushinda mabishano pale. Mpigie simu mmoja, yule anayetuma zaidi, umuulize kwa upole amepata wapi na anahofia nini. Mara nyingi nyuma ya video kuna mtu anayeogopa kama wewe. Na tafuta jirani mmoja wa upande mwingine wa siasa ambaye mtakubaliana tangu sasa kupigiana simu wiki ile ya Agosti kabla ya kuamini lolote kuhusu mtaa wenu. Mwaka 2008 vikaratasi vya vitisho na SMS vilienea haraka kwa sababu majirani walikuwa wameacha kuulizana.

Na kaka yako. Anaposema matokeo hupikwa Nairobi, anazungumzia nchi ya 2007 kwa usahihi mkubwa. Usimwambie amekosea. Mwambie kwamba kwa utaratibu wa sasa mahali pa kumkamata mpishi ni kituoni, na kwamba viti vya mawakala viko wazi kwa mtu mwenye shaka kama yake. Tatizo kubwa nililoliona kwa mawakala niliowafundisha ni njaa na usingizi, kuliko hata hongo: mtu hajalipwa posho, hajala tangu asubuhi, saa saba usiku anaondoka fomu haijasainiwa, kisha kesho anasema kura imeibiwa. Aende ofisi ya chama chochote anachokiunga mkono, au kwa mgombea binafsi, mapema mwaka wa uchaguzi, aombe kupewa barua ya uwakala. Atakula kiapo cha kutunza siri ya kura. Siku hiyo abebe chai kwenye chupa, viazi vya kuchemsha, sweta, betri ya ziada ya simu na kalamu mbili. Asikubali kuondoka kabla hajashika nakala yake ya fomu 34A mkononi, na akiipata aipige picha akutumie wewe kwanza.